Marathoni kwa mtu mwenye nyumba: kujiandaa na kundi mjini Bunia

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mwalimu anauliza, muuguzi anauliza, mama mwenye meza ya samaki wa Kasenyi sokoni anauliza: "Nina watoto, nina kazi, nina wazee wanaonitazama. Kweli naweza kukimbia kilomita 42?" Wengine wanaulizia upande wa pili: kundi wanalo, futingi wanafanya kila alfajiri, na nyumbani watu wamenuna.

Unaweza, kwa siku tatu kwa wiki, muda wa miezi mitano hivi. Sharti langu ni moja: ratiba ianzie nyumbani, ndipo iende kwenye kundi. Ikianzia kwenye kundi, wiki ya sita hutaiona. Wengi wanaoacha mazoezi pumzi wanayo. Wamechoka kugombana.

Ongea nyumbani kabla ya kununua viatu

Kosa la kwanza ni kutangaza. Unarudi jioni, unasema: "Kuanzia Jumamosi nakimbia na kina fulani." Anachosikia mwenzako ni hiki: kuanzia Jumamosi maji utachota wewe, mbabula utawasha wewe, mtoto akilia utaamka wewe. Hata akijibu "sawa", moyoni hajakubali.

Kaeni chini na karatasi.

- Andikeni kila kazi inayoangukia saa zako za mazoezi: maji, moto, kuogesha watoto, kufungua duka, dawa za mgonjwa. Mbele ya kila kazi liwepo jina la atakayeifanya.
- Andika na wewe utakacholipa. Ukimwachia mwenzako asubuhi ya Jumamosi, mchana wake ni wako na watoto, na usingizi haumo. Mtu anayerudi na kilomita 25 miguuni akalala mpaka saa tisa amechukua siku nzima, ingawa mdomoni alisema saa tatu.
- Taja tarehe ya mwisho. Familia huvumilia miezi mitano inayojulikana kuliko mazoezi yasiyo na kikomo.
- Taja pesa zote: viatu, mchango wa kundi, safari. Pesa zilizofichwa zitajulikana tu, tena siku mbaya.

Wazee msiwasahau. Mama mkwe anayeishi nanyi atauliza unamkimbia nani, na katika mji uliopokea watu wengi waliokimbia kweli, swali hilo lina haki yake. Mweleze mwenyewe, asisikie kwa majirani.

Na wale wanaolea watoto peke yao? Kwenu mazungumzo haya ni na dada, jirani au mtoto mkubwa, na malipo ni yale yale. Mtoto wa miaka 14 anayebaki na wadogo zake kila Jumamosi naye ana deni lake.

Siku tatu, basi

Mpango wa mtu mwenye kazi na nyumba ni huu:

- Jumanne: dakika 40 hadi 60, polepole. Peke yako au na jirani.
- Alhamisi: dakika 45 hadi 60, zenye mlima ndani yake. Pasha mwili dakika 15, panda mlima mfupi kwa nguvu mara 6 hadi 8, shuka ukitembea, kisha maliza polepole.
- Jumamosi: mbio ndefu, na kundi. Hapa ndipo marathoni inapotengenezwa.

Siku yako ya ibada ikiwa Jumamosi, mbio ndefu ihamie Jumapili. Kundi lenye Waadventista na Wakatoliki pamoja lipatane mapema, kwa sababu kuhamahama kila wiki huvunja makundi haraka kuliko mvua.

Polepole maana yake nini? Uweze kusimulia habari nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukata maneno. Ukijibu "eeh" na "hapana" tu, umezidisha. Hili linawashinda wengi, hasa wanaume, hasa wakipita mbele ya watu.

"Lakini Wakenya wanakimbia mara mbili kwa siku!" Ndiyo, na ni kazi yao. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi aliishi kambini Kaptagat siku za wiki, akarudi kwa familia yake mwisho wa wiki. Hata yeye aliona kwamba mazoezi ya namna ile na mambo ya nyumbani haviingii katika siku moja. Kitu cha kuiga kwake ni kukimbia na wenzake. Alipomaliza kilomita 42 chini ya saa mbili huko Vienna mwaka 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumzunguka na kumkingia upepo.

Kutembea kwenda kazini kunahesabika. Anayetoka Mudzi Pela kwa miguu hadi katikati ya mji kila siku ana msingi ambao mwenye kupanda pikipiki hana.

Kundi la watu wangapi?

Mimi sipendi kundi linalozidi watu 12. Likizidi, linageuka chama: mara katibu, mara fulana, mara ugomvi wa fulana. Chini ya watu sita nalo ni shida, maana wawili wakisafiri na mmoja akiugua, Jumamosi haipo.

Mambo machache yapangwe tangu siku ya kwanza:

- Saa ya kuondoka haingoji mtu. Dakika tano, basi. Mwenye watoto amelipa ghali kwa saa zake, na kumsimamisha barabarani nusu saa ni kumwibia.
- Mmoja anakaa mkiani kila mara. Zamu hiyo izunguke, na wenye kasi wasiikwepe.
- Mmoja anabeba simu yenye chaji na pesa za pikipiki, kwa ajili ya atakayeumia.
- Kukosa si dhambi. Zamu ya usiku, mtoto mgonjwa, matanga: ujumbe mmoja unatosha, na hakuna kuhojiana.

Pesa ziende kwa likelemba. Kila mwezi kila mtu anatoa kiasi kile kile, anayepokea ananunua viatu au anaweka nauli ya safari ya mashindano. Likelemba hii ina faida nyingine: anayengoja zamu yake ya mwezi wa nne haachi mazoezi mwezi wa pili.

Kuna jambo la mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na watu wanalisema chinichini. Mke wa mtu akionekana alfajiri na wanaume watano, maneno yatafika nyumbani kabla yake. Dawa ni rahisi: waalike waume na wake zenu wawaone wenzenu, tena mapema, Jumamosi moja ya chai na mandazi baada ya mazoezi. Mwanamke asiwe peke yake kati ya wanaume. Tafuteni wa pili, wa tatu, na mwisho wa mbio mtu wa mwisho asirudi peke yake.

Mzunguko wa kilomita sita

Haya ndiyo maelezo ninayotaka msomaji ayasome mara mbili. Mbio ndefu kwa kawaida hufanywa kwa kwenda na kurudi: kilomita 15 nje ya mji, 15 kurudi. Bunia usifanye hivyo. Barabara za kutoka mjini, iwe ya Komanda, ya Kasenyi au ya Mahagi, zina malori, vumbi na vizuizi, na hali ya njia inaweza kubadilika kabla hujageuka kurudi. Mtu aliyechoka akiwa kilomita 15 kutoka kwake hana pa kwenda.

Chora mzunguko wa kilomita sita ndani ya mji, ukipita sehemu zenye watu. Upime kwa simu, au mwombe mwenye pikipiki ambaye kilomita zake zinahesabu vizuri auzunguke. Kipande cha lami kwenye bulvari ya Libération kinafaa, ila kipitwe mapema kabla pikipiki hazijajaa. Sehemu iliyobaki iwe udongo, maana magoti yanapenda udongo. Mlima mmoja uwemo. Mwanzo na mwisho uwe nyumbani kwa mmoja wenu, penye choo, maji na mlango unaofungwa.

Ona sasa kinachotokea. Anayeanza anakimbia mzunguko mmoja, anabaki kulinda mifuko. Wa wastani anafanya mitatu, anafika 18. Anayejiandaa kwa marathoni anafanya mitano, anafika 30. Wote wameondoka pamoja, na mwenye kasi ndogo hakuachwa porini. Mama anayenyonyesha anakimbia miwili, ananyonyesha, anarudi kwa wa tatu. Aliyeitwa na simu ya nyumbani anakatiza na kufika kwake kwa dakika kumi. Kila baada ya kilomita sita kuna maji yenu wenyewe, hakuna haja ya kubeba chupa. Mwanao mwenye miaka kumi anaweza kuungana nawe dakika chache za mwisho, na hapo mazoezi yameacha kuwa kitu kinachokunyang'anya kwake.

Malalamiko nayajua: "Inachosha kuzunguka pale pale." Inachosha, kweli. Badilisheni upande wa kuzunguka kila Jumamosi. Isitoshe, atakayezoea kupita mlango wa kupumzikia mara nne bila kuingia, kilomita ya 35 hatamwona mtu wa kumtisha.

Usalama: mambo yasiyo na mjadala

Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, tangu Mei 2021. Kundi la watu wanaokimbia gizani huku wakiimba linaweza kueleweka vibaya.

- Ondokeni mwanga ukishaonekana. Hapa kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo hamchelewi kitu.
- Mjulisheni chefu wa kartiye kwa jina, siku na njia mnayopita. Wakibadilisha viongozi, nendeni tena.
- Kila mtu abebe kitambulisho, ile kadi ya mpiga kura, ndani ya mfuko wa plastiki ili jasho lisiilowanishe.
- Nguo za madoadoa ya kijeshi, hata kofia, ziacheni nyumbani. Raia haruhusiwi kuzivaa, na kwenye kizuizi hakuna wa kukusikiliza kwamba ni za mitumba.
- Msipige picha kwenye vizuizi, karibu na uwanja wa ndege wala kambini.
- Hakuna spika masikioni. Pikipiki inayokuja nyuma yako lazima uisikie.
- Mkisikia habari mbaya usiku, asubuhi hakuna mbio. Aamue mmoja mliyemchagua kabla, na asiyependa uamuzi wake akae kimya.

Ujumbe wa WhatsApp unaotaja saa na njia ubaki ndani ya kundi lenu.

Viatu vya mitumba

Viatu vipya vya mbio kwa wengi wetu havinunuliki, na vingi vinavyouzwa kama vipya ni vya kuigiza. Mitumba mizuri ni bora kuliko vipya vya bandia, ukijua kuchagua.

Kiweke kiatu juu ya meza, ukitazame kwa nyuma. Kisigino kikilalia upande mmoja, kiache, hata bei ikiwa tamu. Kikunje: kinatakiwa kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati kama karatasi, kimekufa. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama tofali au imejaa mikunjo midogo ya pembeni, mpira wake umezeeka. Vuta ukingo wa soli kwa kucha uone kama gundi inaachia. Mwisho kivae jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Usikimbie marathoni na kiatu ulichokinunua wiki hiyo. Kipe angalau mbio ndefu mbili kwanza. Na mafuta ya kujipaka kwapani, mapajani na kwenye chuchu usiyadharau. Wanaume hucheka mpaka siku wanapoona fulana ina damu.

Kula, kunywa, na dawa za kuacha

Chakula chetu kinatosha. Lituma, viazi vitamu, wali, bugali, maharagi, samaki, karanga, sombe: humo mna kila kitu mkimbiaji anachohitaji. Usinunue unga wa makopo wenye picha ya misuli.

- Usiku wa kuamkia mbio ndefu kula ulichozoea, ukipunguza maharagi na sombe kwa sababu ambazo wenzako wa nyuma watakushukuru.
- Asubuhi, ndizi mbili au uji mwepesi, saa moja kabla.
- Ukipita dakika 90, unahitaji sukari njiani: ndizi, vipande vya miwa, chai ya sukari iliyopoa.
- Kinywaji cha chumvi kinatengenezwa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.
- Kunywa ukisikia kiu. Kujijaza maji matupu lita kwa lita kuna hatari yake, maana chumvi ya damu inashuka.
- Kila mtu na kikombe chake. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilifika Ituri na ilitufundisha hili. Tusingoje kufundishwa upya.

Sasa dawa. Diclofenac na ibuprofen zinauzwa kila kona, na kuna watu wanameza kabla ya kukimbia ili wasisikie goti. Acha. Zikikutana na jasho jingi na mwili uliokauka, figo ndizo zinazoumia, na goti linaendelea kuharibika bila kukuambia. Maumivu yanayokubadilisha mwendo ni amri ya kusimama. Yakikaa zaidi ya wiki, nenda kwa mganga wa hospitali.

Ukiwa na presha, kisukari, maumivu ya kifua au umewahi kuzimia, pimwa kabla ya wiki ya kwanza. Waliopita miaka 40 na hawajakimbia tangu shuleni nao wapimwe.

Wiki zinazopotea

Zitapotea. Malaria itakuja, kilio kitakuja, mitihani ya watoto itakuja.

Ukiwa na homa, usikimbie "kuitoa kwa jasho". Pima kwanza. Ikiwa ni malaria, maliza dawa zote, ngoja mpaka hamu ya kula irudi, kisha anza kwa kutembea dakika 30. Wiki moja ikipotea, endelea na mpango ulipofika. Wiki mbili zikipotea, rudi nyuma wiki mbili. Zikifika nne, hamia nusu marathoni ya kilomita 21 na ulisahau jina la marathoni kwa mwaka huo. Kosa kubwa ni kutaka kulipa deni: kufanya Jumapili mbio iliyokosekana Jumamosi, halafu Jumanne kama kawaida. Miguu haina likelemba.

Wiki 20, kwa ufupi

Huu ni mpango wa mtu anayeweza tayari kukimbia dakika 30 bila kusimama. Asiyeweza aanze na wiki 8 za kuchanganya, dakika mbili kukimbia na mbili kutembea.

- Wiki ya 1 hadi 4: Jumamosi kilomita 8 hadi 12.
- Wiki ya 5 hadi 9: kutoka 12 hadi 18.
- Wiki ya 10: jaribio la 21, bila kushindana.
- Wiki ya 11 hadi 17: 24, 26, 18, 28, 30, 20, 30.
- Wiki ya 18: 20. Wiki ya 19: 12. Wiki ya 20: mbili fupi za dakika 30, kisha mashindano.

Unaona zile 18 na 20 zilizojipenyeza katikati? Ni wiki za kupumzika, ziheshimu. Ukiwa wa mwendo wa pole, saa tatu na robo zikifika, simama hata kama kilomita hazijatimia. Watu wataniuliza: "Sasa hizo 12 zilizobaki nitazitoa wapi?" Utazitoa kwenye mapumziko ya wiki tatu za mwisho, na kwenye kuanza polepole siku yenyewe.

Mkimbie wapi

Jirani zetu wana mbio za kweli. Kampala hufanya marathoni yake Novemba, tangu 2004. Kasese wana Rwenzori Marathon, iliyoanza 2022. Moshi, chini ya Kilimanjaro, ni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, na ina mlima wa kuelekea Mweka unaowatoa machozi wenyeji. Kwa mara ya kwanza ningechagua Kampala: iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, nasi Bunia tuko kidogo juu ya hapo, kwa hiyo hewa haitawashangaza. Vilima ndivyo vitawashangaza, ndiyo maana ya Alhamisi zile.

Pasi au karatasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zitafutwe miezi mitatu kabla. Mfike siku mbili kabla. Na kumbukeni saa za Uganda ziko mbele yetu kwa saa moja: mbio za saa kumi na mbili asubuhi, mwilini mwako ni saa kumi na moja alfajiri. Wiki ya mwisho lala na kuamka mapema kwa saa hiyo moja.

Na njia zikifungwa, au nauli ikikosekana, mzunguko wenu mnao. Mara saba ni kilomita 42 kamili. Mita 195 zinazobaki zipimeni kwa kamba kutoka kwenye ule mlango, mwekeni mtu wa kuandika saa, mwiteni chefu wa kartiye, na watoto wapewe kazi ya kugawa maji.